Bagamoyo na Waya

Neno "simu" tunalolitumia kutwa kucha lina asili ambayo wengi wetu tumeisahau. Limetoka katika lugha ya Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Wazee wetu waliposema kwamba fulani kapiga simu hawakukusudia kuzungumza. Walikusudia kwamba amekwenda posta, ameandika maneno yake machache kwenye karatasi, amelipa kwa hesabu ya kila neno, na karani ameyapeleka maneno hayo mbali kwa njia ya waya. Leo twabeba mfukoni chombo kisichokuwa na waya hata kidogo, nasi bado twakiita waya. Na ile namba tuliyosajiliwa twaiita laini, neno la Kiingereza lenye maana ya mstari au uzi. Lugha nayo ina ukaidi wake.

Husemwa siku hizi, na husemwa kwa haraka, kwamba mitandao ya kompyuta na mawasiliano yasiyo na waya ndiyo yaliyoleta biashara ya kisasa. Mji wa Bagamoyo ni mahali pazuri pa kulipimia neno hilo, kwa kuwa huko biashara kubwa ilikuwapo kabla ya waya, waya ukaja, biashara ikaondoka waya ukabaki, kisha mawasiliano yakarudi tena kwa njia ya hewani. Yafaa tuifuate habari hiyo hatua kwa hatua, tukijiuliza kila mara swali moja: nani aliijua bei kwanza, na nani aliijua akiwa amechelewa?

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa ndio mlango wa njia kuu ya bara. Misafara ilitoka hapo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, wengine wakavuka ziwa hadi Manyema. Mtu aliyetoka Bagamoyo na mzigo kichwani hakutarajia kuiona Tabora kabla ya miezi miwili au mitatu. Bidhaa za kwenda bara zilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga, bunduki na baruti, na masango, yaani nyaya za shaba ambazo watu wa bara walizifanya mapambo. (Basi waya uliuzwa Bagamoyo kabla ya kupitisha neno lolote!) Za kurudi zilikuwa pembe za ndovu, na pamoja na pembe walikuja pia wanadamu waliotekwa wakauzwa. Hilo tusilifiche, wala tusijidanganye kwamba lilifanywa na watu wa mbali tusiowajua. Mkataba wa Juni 1873 alioutia saini Sayyid Barghash ulikataza watumwa kupitishwa baharini, na amri za mwaka 1876 zikakataza misafara ya watumwa kutoka bara, lakini biashara hiyo iliendelea kwa kificho miaka mingi baadaye. Njia ikishafunguka hupitisha kilicho halali na kilicho haramu, nayo haiulizi.

Sasa, msomaji, mfikirie Mnyamwezi aliyekuja na pembe zake mwenyewe. Ametembea miezi mitatu. Frasila ya pembe, ambayo ni ratili 35, huko kwao ina thamani moja, na Bagamoyo ina thamani nyingine, na Unguja nyingine, na London, ambako pembe zilinadiwa na kununuliwa na watu wa kutengeneza vipini vya visu na vibao vya piano, ina thamani nyingine kabisa. Yeye aijua ile ya kwanza tu. Watu wa pwani waliijua ya pili. Matajiri wa Unguja waliijua ya tatu, na ya nne waliisikia kwa meli. Faida yote ya biashara ile ilikaa katika tofauti ya bei hizo, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu ya umbali, lakini ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya kutojua.

Kwa hiyo mashindano ya watu wa mrima hayakuanzia sokoni. Yalianzia njiani. Habari za wasafiri wa karne ile zinataja madalali waliotumwa bara siku kadhaa, wakiwa na zawadi na maneno matamu, kwenda kuilaki misafara ya Wanyamwezi kabla haijafika pwani, ili kuivutia kwa tajiri huyu na si yule, au kwa bandari hii na si ile. Bagamoyo ilishindana na Saadani, na Saadani ikashindana na Pangani. Mgeni alipokewa kwa ngoma na chakula, akapewa nyumba ya kulala, na kabla hajatia mguu sokoni alikwisha kuwa mgeni wa mtu, na pembe zake zilikwisha kuwa na mnunuzi.

Jambo hili wanazuoni wetu walikuwa na jina lake zamani sana. Huitwa talaqqi ar-rukban, yaani kuwalaki wenye misafara. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kwenda kununua mali ya wenye msafara kabla hawajaingia sokoni, na kwamba muuzaji aliyekutwa namna hiyo, akifika sokoni akaijua bei, ana hiari ya kuuvunja uuzaji ule. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu, uuzaji wenyewe husihi, lakini mwenye kuulaki msafara apata dhambi na muuzaji hubaki na hiari yake. Tazama jinsi hukumu hii ilivyo nyembamba. Faida haikukatazwa, wala mtu hakukatazwa kuwa hodari wa kununua. Lililokatazwa ni kumwahi mwenzio kabla hajajua. Vitabu vya fiqhi vyenye mlango huo vilikuwa vikisomwa misikitini pwani hii yote, na madalali walikuwa wakipita nje ya misikiti hiyo hiyo wakielekea njia ya bara.

Biashara ile ilikuwa na mtandao wake pia, ingawa haukuwa wa waya. Ulikuwa wa deni. Mwenye msafara mara nyingi hakuwa na mali. Alichukua nguo na shanga kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja au mawakala wao wa Bagamoyo, akaahidi kulipa kwa pembe atakaporudi, na kurudi kwenyewe kungeweza kuwa baada ya mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Mkubwa wa matajiri hao alikuwa Taria Topan. Mjini Bagamoyo alijulikana sana Sewa Haji, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatayarishia wasafiri mizigo na wapagazi. Huyu alitoa mali yake kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam, nazo zilikuwa kwa watu wa kila kabila. Watu hawa walituma fedha mbali bila ya kuzituma. Hati ikiandikwa Unguja ililipwa Bombay, na ahadi ya mtu wa Tabora ilipokewa Bagamoyo. Wahindi waliita hundi, na sisi twaijua hawala, ambayo asili yake katika sheria ni kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu mmoja kwenda dhima ya mwingine. Hakuna sarafu iliyotembea. Kilichotembea ni karatasi, na nyuma ya karatasi jina la mtu. Jina likiharibika, karatasi haina kazi.

Sasa ndipo waya ulipokuja. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ilitandaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Aden ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Bombay na Ulaya. Kabla ya siku hiyo, habari za London zilifika Unguja kwa meli ya barua, na kabla ya mwaka 1872 hata meli hiyo ya barua ya kutoka Aden haikuwapo kwa utaratibu. Ili kuona namna habari zilivyokwenda polepole, kumbuka kwamba Daktari Livingstone alikufa mwezi wa Mei 1873, na maiti yake, iliyobebwa na Susi na Chuma na wenzao, ilifika Bagamoyo Februari 1874. Kisha miaka mitano tu baadaye mtu wa Unguja angeweza kujua bei ya pembe ya London katika muda wa siku moja au mbili.

Mfano mzuri ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wamemzoea kwa jina la Tippu Tip. Safari yake ndefu ya bara aliianza karibu na mwaka 1870, kwa mali ya mkopo ya Taria Topan, na hakurudi pwani mpaka mwaka 1882. Alipoondoka, Unguja ilisubiri meli. Aliporudi, mdai wake aliweza kuzungumza na Ulaya kwa waya. Miaka yote hiyo kumi na miwili pembe zilikuwa zikitembea kwa mabega ya watu, mwendo ule ule wa babu zao, lakini bei yake ilikuwa imeanza kwenda kasi. Jambo hili ndilo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote katika habari hii: waya haukuuharakisha mzigo. Uliiharakisha habari ya mzigo peke yake, na ukawapa wale waliokwisha kuwa mbele. Mpagazi hakupewa waya, wala mtu wa Manyema.

Tena ulikuwa ghali. Kila neno lilikuwa na bei yake, kwa hiyo wafanya biashara duniani walitumia vitabu vya maneno ya mkato, kimojawapo kikiitwa ABC, kilichotolewa mwaka 1873, ambamo neno moja la ajabu lilisimama badala ya sentensi nzima kama vile kuuliza bei, kuagiza shehena au kukubali deni. Asiye na kitabu hakuelewa kitu. Vijana wetu wanaoandikiana ujumbe kwa herufi tatu tatu wasidhani wamevumbua jambo.

Mwaka 1890 waya ulifika Bagamoyo yenyewe. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipiga pwani na kuvunja vita vya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bagamoyo ndipo walipoweka makao yao. Waya ulitandazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi Bagamoyo na kuendelea Dar es Salaam, na Oktoba ya mwaka huo huo posta za Kijerumani zikafunguliwa katika miji hiyo miwili. Baadaye ikaja simu ya nguzo ya pwani, ikaenda kaskazini hadi Saadani, Pangani na Tanga. Jengo la posta ya zamani lipo mpaka leo mjini Bagamoyo, na anayepita India Street hulikuta.

Mtu angedhani basi kwamba mji uliokuwa na njia ya bara, na matajiri, na forodha, na sasa waya juu yake, ungestawi zaidi. Haikuwa hivyo. Mwaka uliofuata, 1891, Wajerumani walihamisha makao yao kwenda Dar es Salaam, kwa sababu bahari ya Bagamoyo ina kina kifupi na meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali, lakini Dar es Salaam ina bandari iliyofunikwa. Mwaka 1905 walianza reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya misafara ikafa, nayo Bagamoyo ikapungua ikiwa na waya wake mkononi. Nasisitiza habari hii kwa sababu kuna watu wanaotuambia kwamba mji ukishapata mawasiliano umekwisha kupata biashara. Habari za bei hazina faida kwa asiyeweza kuufikisha mzigo. Bagamoyo iliijua bei ya London na haikuwa na gati. Hata mradi wa bandari kubwa, uliotiwa saini mwaka 2013 na ambao China na Oman zilihusika nao, ulisimamishwa na serikali mwaka 2019, na mazungumzo juu yake yamekuwa yakifufuliwa na kulala tangu hapo.

Wajerumani ndio pia waliokuja na simu ya upepo, yaani mawasiliano ya hewani bila waya. Walijenga vituo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam katika miaka michache kabla ya vita vya 1914. Navyo vilionyesha mara moja kwamba chombo cha namna hiyo hakikuhesabiwa kuwa cha biashara tu, maana mapema Agosti 1914, vita vikiwa havijatimiza hata wiki moja, manowari ya Kiingereza ilikuja Dar es Salaam kwa sababu ya mnara wa simu ya upepo, ikaupiga mji, na Wajerumani wenyewe wakauangusha mnara usije ukatekwa. Bagamoyo ilitekwa na Waingereza Agosti 1916.

Miaka iliyofuata niipite upesi, kwani haikuleta mageuzi makubwa kwa mtu wa kawaida. Posta na simu zilikuwa chini ya shirika la Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha zikawa chini ya shirika la Tanzania, ambalo nalo liligawanywa mwaka 1994, posta mbali na simu mbali. Simu ya nyumbani ilikuwa kitu cha kuomba na kungoja, na aliyekuwa nayo mtaani alikuwa kama karani wa mtaa mzima. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya hesabu kuharibika na fedha kupotea, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wapo wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki sana. Wakubwa wa wakati huo walikuwa wameona mashine ambayo hakuna mtu wao aliyeielewa ikifanya makosa ambayo hakuna mtu wao aliyeweza kuyasahihisha. Kosa lao, nadhani, lilikuwa kuizuia mashine badala ya kumsomesha mtu, na marufuku hiyo ilitugharimu miaka mingi mpaka ilipolegezwa na kufa katika miaka ya 1990.

Simu za mkononi zilianza katikati ya miaka hiyo ya 1990, kwanza Dar es Salaam na kwa wenye uwezo. Vodacom ilianza mwaka 2000, na baada ya hapo minara ikaanza kuota kando ya barabara zote. Julai 2009 waya mpya wa chini ya bahari, uitwao SEACOM, ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuatiwa na mwingine uitwao EASSy. Ni miaka 130 baada ya ule wa Unguja. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: simu yetu isiyo na waya hukosa waya kwa hatua ya mwanzo tu. Chombo kilichoko mkononi mwako husema na mnara ulio karibu. Kutoka kwenye mnara maneno hupelekwa mnara hadi mnara, au huingia katika nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini, na yakitaka kwenda Muscat au London hupita chini ya bahari, karibu na njia ile ile ya mwaka 1879. Kwa hiyo lugha yetu, ilipong'ang'ania kuiita waya, haikukosea sana.

Tuje kwenye fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania Aprili 2008, na makampuni mengine yakafuata na majina yao. Mwaka 2014 makampuni ya hapa Tanzania yalianza kuunganisha mifumo yao ili mtu wa laini hii aweze kumtumia wa laini ile moja kwa moja, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa hazijalifanya. Nalo halihitaji simu ya thamani. Kitochi chenye vitufe chatosha, bonyeza nyota na namba zake, jibu maswali, tia namba ya siri.

Lakini je, fedha yaenda wapi? Hapa nakuomba utulie kidogo, msomaji, kwa sababu kulielewa hili ni kinga. Fedha haiendi popote. Mtoto wako aliyeko Kariakoo humpa wakala noti zake, na wakala huzitia katika kisanduku. Wakati huo huo salio la wakala katika daftari la kompyuta hupungua na la mtoto wako huongezeka. Anapokutumia, lake hupungua na lako huongezeka. Unapokwenda kwa wakala Bagamoyo kutoa, lako hupungua, la wakala wa Bagamoyo huongezeka, naye hukupa noti ambazo asubuhi aliletewa na mtu mwingine kabisa. Noti za Kariakoo zimebaki Kariakoo. Jumla ya fedha zote zilizomo katika daftari sharti iwe imewekwa benki kama amana ya wateja, isichanganywe na mali ya kampuni. Je, hii si hawala? Tajiri wa Unguja angeielewa kabla hujamaliza kueleza. Tofauti ni kwamba zamani nyuma ya karatasi palikuwa na jina la mtu unayemjua ukoo wake, na sasa pana namba ya siri ya tarakimu nne.

Na mwizi huja kupitia tofauti hiyo. Ujumbe usemao "ile hela itume kwenye namba hii" umezunguka Tanzania nzima. Aliyeutuma hakujui, wala hana habari kwamba unadaiwa. Ametuma kwa maelfu, akijua kwamba katika maelfu hayo hakosekani mtu ambaye leo ndiyo siku yake ya kulipa kodi au kumtumia fundi. Na yuko yule anayekupigia akisema amekosea, fedha yake imeingia kwako, umrudishie upesi, na ukitazama salio hakuna kilichoingia, ila ujumbe wa uongo alioutunga yeye. Serikali iliwataka watu wasajili laini zao kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Imesaidia, lakini haikumaliza. Watu wa nyumbani, hasa mabibi zetu ambao wajukuu ndio huwabonyezea, wafundishwe mambo mawili: namba ya siri haisemwi kwa mtu hata akijiita mtu wa kampuni, na fedha haitumwi mpaka sauti ya mtu mwenyewe isikiwe. Ama fedha ikiingia kwako kwa makosa ya kweli, hiyo si mali yako, wala si ya kutangaziwa kama kitu kilichookotwa njiani, maana mwenyewe ajulikana na namba yake iko mbele ya macho yako. Mwambie apitie kampuni ili irudishwe kwa njia yake, nawe usiitumie.

Jambo jingine linalowashughulisha watu wetu ni mikopo ya kwenye simu, iliyoanza kuenea tangu mwaka 2014. Bonyeza, na fedha yaingia. Rudisha baada ya siku chache, na nyongeza juu yake. Wengine huiita ada. Kubadili jina la kitu hakubadili kitu, na mwenye mashaka aulize wanaojua kabla ya kubonyeza, kwani baada ya kubonyeza swali limekwisha kuwa deni. Mwaka 2014 pia kampuni moja ilianza kuwagawia wateja faida iliyopatikana benki kutokana na salio zao, na wapo Waislamu walioikataa na wapo walioitoa kwa maskini bila ya kuila. Tangu Novemba 2011 nchini ipo Amana Bank, inayofanya kazi bila riba, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hakuna mlango mwingine.

Na sasa turudi ufukweni, kwenye soko la samaki karibu na forodha ya zamani, ambako mashua huingia na mnadi akapaza sauti. Wanunuzi wa Dar es Salaam wako pale, na kila mmoja ana simu sikioni. Anamwuliza mwenzake wa Feri bei ya leo, na kwa bei hiyo anajua aishie wapi katika mnada. Swali ni kama mvuvi naye amepiga simu. Huko Kerala, katika nchi ya India, mtaalamu mmoja aitwaye Robert Jensen aliichunguza hali hii tangu minara ilipowekwa pwani ile kuanzia mwaka 1997. Kabla ya simu, wavuvi walirudi bandari yao ya nyumbani bila kujua kama soko la jirani lina njaa ya samaki, na karibu sehemu moja katika kila sehemu ishirini ya samaki ilitupwa kwa kukosa mnunuzi. Walipoanza kupiga simu wakiwa bado baharini, kutupa kulikwisha, bei za masoko zikakaribiana, faida ya mvuvi ikapanda na mlaji akapunguziwa. Ilikuwa hivyo kwa sababu wavuvi wenyewe walishika simu, na walikuwa na uwezo wa kukigeuza chombo kwenda bandari nyingine. Mvuvi wetu ambaye nyavu na mashine kakopeshwa na mnunuzi, kwa sharti la kumwuzia yeye, hata akiijua bei ya Feri kwa shilingi na senti, hana pa kukigeuzia chombo. Amelakiwa njiani tangu jana yake, na deni ndilo lililomlaki. Mwenye kutaka kumsaidia aanzie kwenye deni hilo, kabla ya kumnunulia simu.

Serikali nayo imejifunza kwamba penye njia pana ushuru. Bagamoyo ya zamani ilitoza pembe. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kufuatana na kiasi, juu ya ada za kampuni. Watu walilalamika sana, wengi wakarudia kubeba noti, na Septemba ya mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena mwaka 2022. Wakala wa kijijini, ambaye kula yake ni kamisheni ya kila muamala, alizihisi wiki zile za mwanzo kuliko mtu yeyote.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, EASSy na SEACOM zote mbili zilikatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania ikadorora, ofisi zikakaa, na watu wakatazama simu zao nzuri zisifungue kitu. Minara ilikuwa imesimama, umeme ulikuwapo, hewa ilikuwa ile ile. Ikabidi itumwe meli ya nyaya, ikatafute ncha mbili katika kina cha bahari, izipandishe juu, iziunge, na kuzishusha tena taratibu, kazi ambayo mabaharia wa mwaka 1879 wangeitambua walipoiona.